Kitanda Chenye Paa

4 Septemba 2000, Butembo

Mvua ya kwanza imenyesha tangu asubuhi, nami nimeshinda nikitoa magunia ya viazi na maharagi kwenye chumba kikubwa. Kimekuwa ghala tangu 1996, mwaka aliokufa mume wangu Eliezer. Wiki moja baada ya maziko, ndugu zake walikuja wakabeba kitanda, matela na kabati, wakasema ndiyo desturi. Mimi nikahamia chumba kidogo nyuma ya jiko, nikalala chini. Nilijiambia: amani ikija nitatengeneza kingine. Hapa kila mtu anasema hivyo. Amani ikija tutapaka rangi, amani ikija tutafunga ndoa. Vita ya kwanza imepita, ya pili ina miaka miwili sasa, na mwezi huu natimiza miaka hamsini.

Singoji tena.

Kwenye foyer ya kanisa, ninakofundisha wasichana kushona, kuna katalogi ya zamani ya Wazungu tunamotolea mifano ya nguo. Ukurasa mmoja una kitanda chenye nguzo nne ndefu na paa la kitambaa juu. Wanakiita lit à baldaquin. Nimeuchana ukurasa huo, nami sioni haya. Kesho nitamwita Sikuli, fundi wa mbao.

5 Septemba

Sikuli hakuja. Mvua.

9 Septemba

Sikuli amekuja, viatu vyake vimejaa tope. Aliutazama ukurasa muda mrefu, akaugeuza aone kama nyuma kuna maelezo. Nyuma kulikuwa na masufuria.

“Mama Keren, hii kitanda iko na paa.”

“Ndiyo, fundi.”

“Na nyumba yako iko na paa.”

“Iko.”

“Sasa paa ya pili ni ya nini?”

“Ya kuangalia wakati niko nalala.”

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema kwamba tangu wasoda, hawa wanajeshi, waanze kuvunja nyumba za watu, kazi yake imekuwa milango na majeneza tu. “Hakuna mutu alishaniomba kitu ya kuangalia,” akasema, na hapo hakuwa anacheka tena. Amekubali. Atatumia mbao nyekundu za libuyu alizoficha juu ya dari yake, nami nitawashonea wajukuu zake nguo za shule.

Alipima mlango. Akasema kitanda kitaingia vipande vipande, atakiunga ndani kwa vijiti na gundi, bila misumari. “Lakini kikisimama, hakitatoka. Utapasua ukuta kwanza.”

“Njo vile nataka,” nikamwambia.

15 Septemba

Mbao zimelowa. Sikuli anazikausha jikoni kwake na mke wake analalamika.

20 Septemba

Mama Virginie, jirani yangu na mwenyekiti wa kina mama wa kanisa, amenitembelea. Alikaa kwenye salon, sebuleni kwangu, na mkoba wake juu ya magoti, hakuuweka chini. Nikajua kuna neno.

“Mama Keren, batu banauliza. Ile kitanda ni ya nani?”

“Ya Agar,” nikasema, kwa jina langu mwenyewe.

“Agar na nani?”

“Agar na mugongo yake.”

Hakucheka. Akasema kuna wakimbizi kutoka vijijini wanalala chini kwenye darasa la shule, na mimi napamba chumba. Lakini familia mbili kati yao walikula viazi vyangu mwezi mzima, yeye mwenyewe alivigawa! Nilimjibu polepole ili nisilie:

“Mama Virginie, nimelala chini miaka ine. Hakuna mukimbizi hata mumoja alipata usingizi kwa sababu ya ile.”

Aliondoka, chai yake imebaki kwenye kikombe. Nimeinywa mimi.

1 Oktoba, siku ya Mungu

Baada ya ibada alikuja Ézéchias, mdogo wake marehemu. Ndiye aliyeongoza wenzake siku ile ya kubeba kitanda. Tangu siku ile namsalimia, namkaribisha, namtilia chakula, lakini moyoni nimemfungia mlango. Leo aliingia chumba kikubwa bila kuomba ruhusa. Akatembea kutoka ukuta hadi ukuta kama anayehesabu hatua, akachungulia dirisha, akauliza kama kufuli ni zima.

“Juu ya nini, Baba Timothée?” nikamuuliza sababu.

“Kuko mugeni moja, mutu mukubwa. Anatafuta chambre safi. Atatulinda.”

“Aende kutulinda kwako.”

“Kwangu ni padogo. Na hii nyumba ni ya ndugu yangu.”

“Ndugu yako iko kwenye makaburi ya kanisa. Kama iko na neno, atakuja kuniambia yeye mwenyewe.”

Alinitazama kwa macho ya mtu asiyelala. Nilidhani ni hasira. Nilimuuliza habari za Timothée, mwanawe wa kwanza, kijana wa miaka ishirini na mbili ambaye hapitishi wiki bila kuja kunisalimia. Akasema ameenda Kyavinyonge, kwenye ziwa, kufanya biashara ya samaki.

7 Oktoba, Beni

Butembo sikupata kitambaa cheupe cha marekani cha kutosha kwa paa, basi jana nimepanda lori hadi Beni. Vizuizi vitano. Kwenye cha tatu msoda mmoja alifungua mfuko wangu, akaona kipande cha kitambaa cheupe nilichobeba kama mfano.

“Ni ya maiti?”

“Ni ya mutu muzima.”

Alikirudisha mfukoni.

Keren, binti yangu wa pekee, anafundisha shule ya msingi huku Ruwenzori, mtaa wa Beni. Hajalipwa tangu mwaka jana, lakini kila asubuhi anapiga pasi blauzi yake. Tulikula sombe, majani ya muhogo, nikamwonyesha ukurasa wa katalogi. Nilitegemea atafurahi.

“Mama, batu banafunga bintu yao mu mafurushi, banalala na biatu miguuni. Weye uko napamba?”

“Na miye nilifunga mafurushi. Mara ngapi tulikimbia, Keren? Kila mara nilirudi nikakuta hakuna kitu. Sasa nataka wakija wakute kitu.”

“Watakivunja.”

“Wakivunje. Watakuwa wamevunja kitanda ya mutu. Hawatasema waliingia mu nyumba tupu.”

Akaosha sahani. Leo asubuhi amenisindikiza dukani, na ni yeye aliyechagua uzi wa kijani wa kutarizi majani.

12 Oktoba

Nimerudi salama. Nimepaka kuta udongo mweupe, mara tatu. Mikono inawasha.

16 Oktoba

Mvua, mvua. Ukuta wa dirishani haukauki.

21 Oktoba

Kimesimama! Sikuli alifanya kazi siku tatu ndani ya chumba, akiimba nyimbo za kitabu chetu cha kanisa kwa sauti mbaya kabisa. Nguzo nne zinakaribia dari. Kila moja ameichonga mifereji midogo kuanzia chini hadi juu, jambo ambalo halimo kwenye picha. Nilipomuuliza, akasema: “Ile ya Bazungu niliiona sawa ni maskini.” Juu ameunganisha fremu, nami nikapanda kwenye meza nikatandika paa la marekani, nikashusha rido, yaani mapazia, pande zote nne na kuzifunga kwa mikanda. Ukingoni naanza kutarizi maua ya kahawa.

Sikuli aliita mke wake aje aone. Mke wake akavua viatu mlangoni.

28 Oktoba

Risasi upande wa barabara ya Beni tangu alfajiri. Hakuna aliyetoka. Nimetarizi maua sita.

29 Oktoba

Hata kanisani hatukwenda. Maua manne, moja baya. Nimelifumua.

4 Novemba

Lazima niandike yote.

Saa nne asubuhi jeep ilisimama mbele ya uwanja wangu. Wakashuka wasoda wanne, na commandant wao, mtu mnene wa miaka arobaini hivi, mwenye sauti ya upole. Wanamwita Commandant Gustave. Nyuma yao, kwa miguu, kofia mkononi, alikuja Ézéchias. Yeye ndiye aliyewaelekeza.

Commandant alinisalimia vizuri, akaomba kuona chumba. Hakuna mtu anayeomba akiwa na bunduki nne, nami nikasimama pembeni. Alipoona kitanda alipiga mluzi.

“Kitoko!” akasema kwa Lingala, yaani kizuri. Akashika nguzo, akaitikisa. Haikutikisika. “Mama, bibi yangu atafika siku ya ine, Alhamisi. Alishachoka na kambi. Nilikuwa natafuta chambre, kumbe napata na kitanda.”

“Mon commandant, hii chambre iko na mwenyewe.”

“Mwenyewe alishakubali.” Akamwonyesha Ézéchias kwa kidevu.

“Ule si mwenyewe. Ule ni mugeni yangu, na leo si mugeni tena.”

Wasoda wakacheka. Commandant hakucheka wala hakukasirika, na hilo ndilo lililonitia hofu. Akaniambia ana utu, hatanifukuza nyumbani, nitabaki kwenye chumba changu cha nyuma na nitawapikia yeye na mkewe. Nina siku tano za kutoa vitu vyangu. Kisha msoda mmoja akachana kipande cha kitambaa chekundu akakifunga kwenye nguzo, alama kwamba kitu kimechukuliwa. Nimeviona vitambaa hivyo kwenye milango ya maduka mengi.

Walipofika kwenye jeep nilikuwa nimeshakifungua kitambaa. Nilitoka nacho mpaka barazani ili commandant akione mkononi mwangu. Alikiona.

Ézéchias alibaki uwanjani, mvua ikimnyeshea. “Mama Keren, ungejua,” akasema. Nikafunga mlango.

Kitambaa nimekifua. Ni cha kufutia kioo cha taa.

6 Novemba

Nilikuwa sokoni. Kuna mama mmoja anayeleta samaki kutoka Kyavinyonge, na huko wote wanajuana. Nikamuuliza kama biashara ya Timothée inaendelea.

“Timothée gani? Yule mwana wa Ézéchias? Hajafika kwetu tangu mwezi wa saba, mama.”

Nilikwenda moja kwa moja kwa Ézéchias, nikamkuta ameketi nyuma ya nyumba yake anapukuchua mahindi. Sikumsalimia.

“Timothée iko wapi?”

Aliendelea kupukuchua. Punje zikawa zinaanguka nje ya kikapu. Mwisho akasema: kambini. Mwezi wa tisa, wakati Timothée anatoka Musienene na maharagi kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo, walimkamata kizuizini wakasema ni Mai-Mai, mpiganaji wa msituni. Yuko kwenye cachot, mahabusu ya commandant. Ézéchias alikwenda mara sita. Mara ya sita commandant alimwambia: nitafutie chambre nzuri ya bibi yangu, tutaongea juu ya mtoto wako.

“Juu ya nini hukuniambia?”

“Nilikuwa na haya. Nilikubebea kitanda ya kwanza. Nilikuwa nikuombe na ya pili?”

Nilisimama pale. Miaka minne nimemwona mtu mwenye tamaa, na huenda siku ile ya 1996 alikuwa hivyo kweli. Lakini aliyekuwa mbele yangu ni baba wa Timothée, na amekonda mpaka kola ya shati inamzunguka shingoni. Nilimhurumia. Na bado nilikuwa na hasira, nayo niliiweka mezani:

“Ungeniambia, tungelia pamoja na tungetafuta njia pamoja. Lakini ulitaka kunitoa sawa vile wanatoa mbuzi, bila kuiuliza.”

“Ni kweli,” akasema.

Nikachukua kikapu cha pili nikamsaidia kupukuchua.

7 Novemba

Sikula. Nimezunguka kitanda siku nzima. Mbao na kitambaa, na upande mwingine mtoto wa watu. Nikitoa chumba, commandant amesema wataongea, hakusema atamwachilia. Nisipotoa, sijui.

9 Novemba

Bibi wa commandant amefika, peke yake na msoda mmoja aliyebeba matela kichwani. Anaitwa Delphine. Nilijiandaa kumchukia. Ni msichana wa miaka ishirini na tano hivi, kutoka Mbandaka, mbali kabisa, na mguu wake mmoja umevimba kwa safari. Alisimama mlangoni mwa chumba akatazama juu, akatazama maua, akagusa kitambaa kwa nyuma ya kidole kama anayeogopa kukichafua.

“Mama, ni nani alishona?”

“Miye.”

“Ni ya ndoa ya binti yako?”

“Hapana. Ni yangu.”

Akageuka kunitazama vizuri. Nikamketisha, nikampa chai na viazi. Alikula haraka. Kisha akaanza kuongea, nusu Swahili nusu Lingala, nami sikumkatiza.

“Mama, tangu vita nimelala bitanda kumi na moja. Kisangani, Isiro, Bunia, sijui tena. Kila fasi Gustave ananiambia: chérie, nimekupatia chambre. Na kila fasi napata nywele ya mwanamuke mwingine juu ya muto. Hapa hakuna. Hapa utakuwa wewe mwenyewe, unanipikia, unaniangalia.”

“Ndiyo. Nitakuangalia kila asubuhi.”

Hakupenda jibu hilo, lakini hakusogea. Basi nikamweleza habari za Timothée. Nilimweleza yote, cachot, chukudu, ahadi ya chambre. Uso wake ulibadilika.

“Mutu iko mu cachot juu ya chambre yangu?”

“Iko mu cachot juu ya maharagi. Chambre ndiyo mulango yake ya kutokea.”

Alisukuma kikombe pembeni. Akanyoosha mkono juu, akaishika rido.

“Mama, unaweza kunishonea hii tu? Paa na rido, bila miti. Nitabeba mu valise. Fasi nitafika, nitafunga kwa misumari. Itakuwa yangu.”

“Naweza. Lakini mutoto wetu atoke kwanza.”

“Nitamuambia Gustave. Sijui kama atasikia. Mara nyingi hasikiake.”

Alimrudisha msoda na matela yake kambini, akachechemea nyuma yake.

11 Novemba

Hakuna habari. Nimeanza kukata kitambaa cha Delphine. Ézéchias anasema sina akili kuanza kabla ya mtoto kutoka. Nikamwambia mikono isipofanya kazi kichwa kitapasuka.

13 Novemba

Wasoda wawili wamekuja na amri: muda umepita, chumba kiwe wazi kabla ya saa sita. Walipokuwa wanaongea nami barazani, nikaona Mama Virginie anavuka uwanja. Alikuwa na kikapu cha kushona. Nyuma yake kina mama wanne wa kanisa. Akawapita wasoda akiwaambia “Mungu awabariki batoto yangu,” akaingia chumbani, akavua viatu na kuketi juu ya kitanda changu. Wenzake wakaketi pande zote.

“Mama, toka,” akasema msoda.

“Tuko na kazi ya kanisa. Ukitaka kutubeba, anza na miye. Niko na uzito.”

Wakasimama, wakatazamana. Hawakuzidi umri wa wanafunzi wa Keren. Mwisho wakaondoka, wakisema watarudi na commandant. Tulishona mpaka jioni bila kuinua vichwa. Wanawake sita juu ya kitanda kimoja, na mbao za Sikuli hazikulia hata mara moja.

Mama Virginie alipokuwa anavaa viatu aliniambia, bila kunitazama: “Ni kitanda muzuri kweli.” Safari hii alikunywa chai yake yote.

14 Novemba

Hawakurudi. Mvua ya mawe.

16 Novemba

Paa la Delphine limekwisha. Limekunjwa juu ya cherehani. Silipeleki mpaka mtoto atoke.

18 Novemba

Timothée ametoka. Alikuja kwa miguu tangu kambini, mkono wa kushoto umefungwa kwa kipande cha kanga, vidole viwili havikunjiki. Ndevu zimemwota, na ananuka. Baba yake alimpokea njiani, lakini walikuja kwanza kwangu, kwa sababu njia yao inapita hapa na hakuweza kwenda mbali zaidi.

“Mama mukubwa,” akasema, akaanguka begani mwangu.

Nilichemsha maji, nikamwogesha mgongo kama mtoto mchanga. Kisha Ézéchias akafungua mlango wa chumba kikubwa, akaanza kushusha rido. “Mulalishe hapa,” akasema. “Ni mugonjwa.”

Nikazipandisha rido tena.

“Hapana. Atalala mu salon, karibu na moto, juu ya mukeka yangu ya zamani na blanketi mbili. Nitamulinda mpaka apone. Nitamupa mayai na mchuzi. Lakini hapa hapana.”

“Mama Keren! Mutoto anatoka mu cachot!”

“Na miye natoka chini, Baba Timothée. Nimekipigania kitanda hiki, na mutoto ametoka, byote bibili. Nisipokatala leo, kesho atakuwa mugeni, kesho kutwa mufiwa, na miye nitarudi nyuma ya jiko na kila mutu atasema Agar iko na roho nzuri.”

Kisha, kutoka kwenye salon, tukamsikia Timothée anacheka, kicheko dhaifu chenye kikohozi. “Papa,” akasema, “achia mama kitanda yake. Hapa kuko moto.”

Ézéchias alishusha mikono. Hakuomba msamaha wa 1996, nami sikumwomba aombe. Alikwenda kupasua kuni.

20 Novemba

Nimempelekea Delphine paa lake kambini, mimi mwenyewe, mbele ya commandant. Gustave hakunisalimia. Delphine alilipokea kwa mikono miwili, akanong'ona kwamba hakumsemesha mumewe siku saba na hakumpikia, mpaka akamtoa Timothée na kuacha habari ya chumba changu. Ana alama ya bluu chini ya jicho. Nilitaka kuuliza. Alitikisa kichwa.

Nikamwambia kwangu kuna chumba kidogo nyuma ya jiko, kitupu, na mlango una kufuli zima. Ajue tu.

23 Novemba

Timothée anakula. Anauliza chukudu chake.

26 Novemba, siku ya Mungu

Wanasema mapigano yanarudi upande wa Musienene. Majirani wengine wamefunga mafurushi. Mimi nimefunga furushi moja: unga, sabuni, daftari hili. Nikilazimika kukimbia nitakimbia, nina miguu. Lakini leo bado niko hapa, na baada ya ibada nimeingia chumbani mchana kweupe, nikavua kitambaa cha kichwa, nikashusha rido zote nne na kulala.

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Ndani ya rido nyeupe mwanga ulikuwa kama wa asubuhi. Nilikuwa karibu kusinzia nilipotambua kwamba tangu kitanda kisimame nimekuwa nikilala ukingoni, upande wa ukutani, kama mtu anayemwachia mwingine nafasi. Hakuna mwingine.

Nimesogea katikati, nikanyoosha mikono yote miwili.